Mhudumu wa afya wa kitongoji chetu: nampa nne kati ya tano

Huduma ninayoipima hapa ni ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii, yule anayetembelea wajawazito na wenye vichanga nyumba kwa nyumba. Sisi tuko kijiji cha ziwani, unachukua boti Kibirizi, pale Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, unaelekea kaskazini. Mimi ni mvuvi wa dagaa. Mtoto wa kwanza na wa pili tulihudumiwa na mhudumu wa zamani, huyu wa tatu amekuja wakati wa mhudumu mpya, kwa hiyo nina cha kulinganisha. Bei: bure. Ukiombwa hela, nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Yule wa zamani alikuwa mtu mwema, simsemi vibaya. Alikuwa akisimama mlangoni, "Hodi, mama hajambo? Mtoto ananyonya?" Bibi anajibu kwa niaba ya wote kwamba ananyonya. Anaandika kwenye daftari, anaaga. Mtoto mwenyewe yuko ndani, amefungwa kitenge hadi puani. Alikuwa anajitolea, hana posho, na lile daftari sikuwahi kusikia kuna mtu amelisoma.

Huyu wa sasa anaingia, ananawa mikono, anakaa, kisha anaomba mtoto afunguliwe nguo. Hapo ndipo tofauti yote ilipo. Anatazama kitovu, viganja na nyayo kama zimekuwa za njano, anapima joto. Halafu anaweka saa mbele yake na kuhesabu pumzi dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Zikifika 60 au zaidi anarudia kuhesabu, na zikirudi hizo hizo safari ni ya zahanati saa hiyo hiyo, hakuna cha kusubiri kukuche. Mama yangu alikuwa ameshapaka majivu kwenye kitovu. Nilidhani patachimbika. Mhudumu akaongea naye kwa Kiha, polepole, akamuuliza alifundishwa na nani, akamsikiliza mpaka mwisho, ndipo akamwambia kitovu kikiachwa kikavu kinadondoka chenyewe. Mama akasafisha mwenyewe.

Kilichonishangaza zaidi ni suala la kunyonyesha. Mke wangu ni mzoefu, alijibu kwamba hana shida. Mhudumu akasema, "Sawa mama, mnyonyeshe nione." Akakaa kimya akitazama mpaka mtoto akaachia mwenyewe. Kumbe chuchu zilikuwa zimechanika na mke wangu alikuwa anakunja uso kila mtoto akivuta, sisi tukiona kawaida. Akamgeuza mtoto, tumbo kwa tumbo, kidevu kikagusa titi, mdomo ukapanuka vizuri. Siku chache baadaye maumivu yalikuwa yamekwisha. Swali la mlangoni lisingegundua hilo hata mwaka mzima.

Wakati wa mimba alikuwa anakuja siku za mbalamwezi. Ambao si wa ziwani niwaeleze: mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, kwa hiyo wanaume tunashinda nyumbani tukishona nyavu. Yeye ni mzaliwa wa hapa, analijua hilo, ndiyo maana mazungumzo na akina baba aliyapanga wiki hiyo. Akaniambia, "Baba, giza likirudi na hela ikapatikana, tenga ya mafuta ya boti kabla ya kitu kingine." Akatutajia dalili za hatari mpaka nikazikariri: kutoka damu, kichwa kuuma sana, kuona maluweluwe, kuvimba uso na mikono, kifafa. Mimba ilipokaribia miezi minane kichwa kikaanza kumuuma mke wangu kweli. Mhudumu akaandika rufaa, akampigia nesi, tukafika zahanati tunasubiriwa. Presha ilikuwa juu, tukahamishiwa mjini, na huko ndiko alikojifungulia salama.

Kwa nini huyu anafanya vizuri? Sidhani ni tabia peke yake. Amesoma miezi sita, anapata posho, na nesi wa zahanati huja naye baadhi ya siku, anakaa pembeni bila kuingilia. Wakitoka utawaona njiani wanajadiliana, mara nyingine kwa ukali kidogo. Rejista yake inakaguliwa. Yule wa zamani angepata haya, nadhani naye angemfungua mtoto.

Nyota moja naikata kwa sababu hizi. Tuliporudi kutoka mjini hakuna aliyemjulisha mhudumu kwamba tumerudi. Alisikia kwa jirani, akafika siku ya tatu, na siku hizo za mwanzo ndizo za hatari kuliko zote kwa mama na kichanga. Ukirudi nyumbani, mpigie mwenyewe. Mafuta ya boti kwenda nyumba za mbali anatoa mfukoni. Betri ya kipimajoto iliisha, akakaa muda mrefu akipima kwa kugusa tumbo na miguu ya mtoto. Na ile namba ya dharura ya usafiri wa wajawazito, 115, haina malipo, lakini kwetu mtandao unashika ukipanda kule juu kwenye michikichi, jambo ambalo usiku wa mvua si mchezo.

Kubwa zaidi: mpango wa taifa uliozinduliwa Januari 2024 unalenga wahudumu 137,294, wawili kila kitongoji au mtaa. Sisi tunaye huyu mmoja, na sasa yeye mwenyewe ni mjamzito, kliniki ameshaanza. Nilipomuuliza nani atakuja kumtazama yeye akijifungua, alicheka tu. Nyota ya tano naiweka kando mpaka wa pili apatikane.