Mashine ya kukereza ni nzuri, lakini duka hilo mniepushe nalo

Nimeuziwa chaki, yaani kile kibanio cha chuma chenye taya kinachoshika mbao, isiyolingana na shafti (mhimili unaozunguka) ya mashine ya kukereza mbao niliyouziwa duka hilohilo, siku hiyohiyo, na mtu huyohuyo. Nilipopiga simu kulalamika nikaambiwa nizungushe tredi tepu, itakaza. Tredi tepu! Ile nyeupe ya mafundi bomba, ya kuzuia koki isivuje. Eti niifunge kwenye kitu kinachozunguka mara elfu moja kwa dakika mbele ya kifua changu.

Natengeneza vitanda, viti na stuli nyumbani, na miguu yote ya kukereza nilikuwa napeleka kwa mafundi wa Keko, hapa Dar es Salaam. Mafundi wa Keko siwalaumu, kazi wanaijua, ila foleni ni ndefu, na mteja wa kitanda cha harusi hataki kusikia habari za foleni. Nikajikusanya, nikaenda Gerezani kwenye maduka ya mashine, nikamweleza muuzaji kila kitu bila kuficha: nitakereza mninga na mtiki, nitaanza na miguu, baadaye nataka kutoa mabakuli, kwa hiyo nahitaji na chaki ya taya nne ya kubania bakuli. Akanitolea mashine, seti ya patasi, chaki na miwani ya kukinga macho. "Hii ni seti kamili, mzee wangu. Ukifika nyumbani ni kuchomeka kwenye umeme tu." Hayo maneno, seti kamili, ndiyo niliyoyalipia, tena fedha si ndogo.

Nguvu ya mota, urefu, uzito, vyote vimeandikwa kwenye boksi, sina haja ya kuvirudia.

Kuhusu mashine yenyewe inabidi niiweke hasira pembeni, maana nikisema ni mbovu nitakuwa nasema uongo. Mwili wake ni chuma cha kumimina, kizito, na vijana wa jirani walionisaidia kuishusha walihema. Niliifunga kwa bolti juu ya benchi la mkongo, nikapanga matofali kwenye rafu ya chini ili benchi lisitembee, nikalirekebisha mpaka katikati ya shafti pakawa usawa wa kiwiko changu nikiwa nimesimama. Ikikaa chini ya hapo utafanya kazi umeinama, na jioni mgongo hautakuacha ulale. Halafu nikasogeza kichwa cha nyuma hadi ncha yake ikagusana na ncha ya mbele. Zikakutana sawasawa, ncha kwa ncha. Kipimo hicho kifanye kabla hujawasha chochote, kwa sababu ncha zikipishana, tundu utakalotoboa kutokea nyuma litakwenda upande.

Patasi nazo nilizishika kwa wasiwasi. Herufi HSS, alama ya chuma kigumu kinachostahimili joto la kukata, mtu anaweza kuzigonga hata kwenye chuma cha kawaida. Nikazigusisha kwenye jiwe la kunolea: cheche zikatoka fupi, nyekundu iliyofifia. Hapo nikajua ni chuma chenyewe, maana chuma cha kaboni hutoa cheche nyeupe, nyingi, zinazochanua, na ncha yake ikishageuka bluu kwenye jiwe ugumu umepotea, huna budi kuisaga mpaka uipite bluu yote. Hizi zinavumilia joto. Sina ugomvi nazo hata kidogo.

Na mguu wa kwanza wa mtiki, jamani, nilifurahi. Kipande cha pembe nne kikaanza kugonga patasi, tak tak tak, mara kelele zikapungua, mara pembe zikaisha, na maganda yakawa yanaruka marefu juu ya mkono wangu, na harufu ile ya mafuta ya mtiki ikajaa banda zima. Mke wangu alitoka jikoni kuja kutazama. Jioni hiyo ungeniuliza, ningekwambia kimbia ukanunue.

Kisha nikatoa chaki kwenye boksi.

Iliingia, na ndiyo hatari yake. Isingeingia kabisa ningejua mara moja kwamba si yake. Iliingia laini mno, ikajikunja hadi mwisho, lakini nilipoishika kwa mikono miwili ikacheza huku na huku. Kipimo sina, nikaenda kwa fundi wa kukereza vyuma, akaja na venia yake, kile kifaa cha kupimia unene. Shafti ni milimita 30. Chaki imetengenezewa shafti ya milimita 33. Sasa sikilizeni kwa nini kitu kama hiki kinaweza kumuua mtu. Tredi za M30 na M33 za kawaida, yaani za milimita 30 na 33, zote zina mwendo mmoja, milimita 3.5 kutoka jino hadi jino. Kwa hiyo tredi zinapandana, zinakubali, zinakudanganya. Ila kinachoshikana ni ncha za meno tu, chini ya nusu milimita, na chuma chote kile kizito kinaning'inia hapo. Bakuli la sentimita 20 likizunguka mara elfu moja kwa dakika, ukingo wake unakwenda kasi ya kilomita karibu 38 kwa saa. Hiyo ni mbao peke yake. Ongeza na chaki ya chuma iliyoachia.

Nilimuuliza fundi kama anaweza kuchonga bushi ya kuingia katikati. Akacheka kwa huzuni. Tofauti ya 30 na 33 ikigawanywa pande mbili inabaki milimita moja na nusu kila upande, na humo unataka uweke tredi ndani na tredi nje. Hakuna chuma kitakachobaki. Labda achonge kiungo cha kutokeza mbele, lakini chaki ikisogezwa mbali na beringi, mtetemo unaongezeka, na bakuli linataka utulivu.

Nikapiga simu dukani. Tredi tepu.

Nikaenda mwenyewe, nimebeba chaki mkononi na vipimo nimeviandika kwenye karatasi. Yule aliyeniita mzee wangu siku ya kulipa hakuinua hata macho kwenye simu yake. Nikamwekea karatasi mbele, akaisogeza kwa kidole. "Mzee, watu wananunua hizi kila siku, wewe tu ndiye unayelalamika. Kama unaogopa mashine, acha vijana wafanye." Mbele ya wateja. Kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho. Halafu akanionyesha maandishi chini ya karatasi aliyoniandikia kwa mkono: mali ikiuzwa hairudishwi.

Mashine ni ileile, patasi ni zilezile, lakini tangu siku ile nikiitazama naona kile kidole kinasogeza karatasi yangu.

Tena hiyo karatasi ya mkono ni jambo lingine. Siku ya kununua nilidai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikaambiwa mtandao unasumbua, nitaipata kesho. TRA, Mamlaka ya Mapato, wametuimbia miaka yote, ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Nimedai. Kesho yao haijafika. Na hayo maandishi ya mali hairudishwi wasiyafanye ngao: Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayotaka kuifanyia bidhaa, akategemea ujuzi wa muuzaji, bidhaa inatakiwa ifae kwa kazi hiyo. Mimi nilieleza. Mninga, mtiki, miguu, mabakuli. Nilieleza kwa sauti, na yeye ndiye aliyechagua chaki kutoka kwenye rafu yake. Barua ya kwenda Tume ya Ushindani nimeshaanza kuiandika.

Je, nakushauri ununue mashine hii? Wiki zilizopita ningesema ndiyo bila kupepesa. Miguu ya vitanda inatoka safi, na sahani ya skrubu iliyokuja na mashine inakaa kwenye shafti vizuri kabisa, kwa hiyo hata bakuli dogo nimelitoa kwa kulifunga skrubu, kwa mwendo wa chini kwanza. Lakini mabakuli ndiyo sababu nililipia chaki, na kila nikifungua boksi lile natetemeka kwa hasira, maana najua kijana asiyejua venia angeizungushia tepu kama alivyoambiwa, akaiwasha, akasimama mbele yake. Mtu wa kumwambia fundi mchanga afanye hivyo hafai kuuza hata msumari. Hapana, sikushauri. Ukiipata mashine hiihii duka jingine, chukua, ni nzuri.

Ninachokitaka ni chaki ya M30, au fedha ya chaki irudi. Sidai fidia, sidai kuombwa radhi mbele za watu ingawa nilidharauliwa mbele za watu. Wakinipa, nitasema wamenipa. Mpaka wakati huo, ukiingia Gerezani kununua mashine yako ya kwanza, nenda na venia mfukoni, pima shafti, na mwambie muuzaji afunge chaki hapohapo juu ya kaunta wewe ukiishika na kuitikisa, kabla hujahesabu hata noti moja. Akikataa, toka nje, duka la pili liko hatua chache tu.