Uzoefu Wangu na Veneer, Fonti ya Herufi Nene Zilizochakaa

Kazi yangu ni kutengeneza mabango ya muziki na kuchapa fulana, na kwa vichwa vya maandishi fonti ninayoitegemea zaidi ni Veneer, iliyobuniwa na Ryan Martinson wa Yellow Design Studio na kutolewa mwaka 2012. Herufi zake zote ni kubwa, nene, ndefu na zilizobanwa, tena zimelika na kutoboka kana kwamba zimepigwa chapa kwa herufi kuukuu za mbao, za jinsi ile aliyoinadi Darius Wells wa New York katika orodha yake ya mwaka 1828.

Kilichonivutia ni kwamba kila herufi ina sura zaidi ya moja. Ukiandika kwa herufi kubwa unapata A yenye mikwaruzo yake. Ukiandika kwa ndogo unapata A ya umbo lilelile, lakini yenye madoa mengine. Kwetu tunaoandika Kiswahili jambo hili ni kubwa, kwa sababu maneno yetu yamejaa irabu zinazojirudia. Chukua TAARAB: ina A tatu, na mbili kati yake zimepakana. Katika fonti nyingi za aina hii A zote hubeba tundu lilelile mahali palepale, na mtazamaji hutambua papo hapo kwamba uchakavu ule ni wa kompyuta. Mimi huandika TAaRAB, kisha A ya mwisho naichukua kutoka Veneer Two, ndugu wa fonti hii mwenye mikwaruzo tofauti, na hapo neno zima hufanana na lililochapwa kwa mkono. Kubanwa kwa herufi zake nako kunasaidia, maana TUNAWAKARIBISHA hukaa kwenye mstari mmoja wa karatasi ya A3 bila kupoteza kimo.

Hata hivyo, si ya kila kazi. Kwenye stika za kukatwa kwa plota, yaani mashine ya kukata kwa kisu, siitumii kabisa, kwa kuwa kisu hufuata kila kidoa na anayebandua hushinda na kibano mkononi. Jina la kanga pia nisingeliandika kwa fonti hii. Hakuna anayenunua kanga mpya ili ionekane imeshafuliwa mara mia.

Kwenye fulana nyeusi inahitaji uangalifu, kwani wino mweupe hupigwa mara mbili ili ukolee, na mkono wa pili huziba vitundu vidogo na kuacha vikubwa tu, hivyo neno likiwa dogo hutoka kama lililochapwa vibaya badala ya kuonekana la kale. Kwa sababu hiyo Veneer naiachia kichwa cha maandishi peke yake, na tarehe, ukumbi na kiingilio naviandika kwa League Gothic, ambayo ni safi, ni ya bure, na herufi zake zilizobanwa hazigombani na za Veneer.