Msaidizi wa akili mnemba katika gumzo la timu: upi ununuliwe kwanza

Timu inayotafuta msaidizi wa akili mnemba kwa ajili ya gumzo lake la kazi huulizia kwanza ufasaha wa majibu, ilhali modeli kubwa za sasa, yaani programu zinazotunga majibu hayo, zinakaribiana mno katika hilo. Linalostahili kuamua ununuzi ni ruhusa: msaidizi anasoma nini, kwa niaba ya nani, na jibu lake linaonwa na nani. Kwa kigezo hicho nimezipanga aina nne zilizopo.

Nafasi ya kwanza naipa msaidizi aliyejengwa ndani ya jukwaa ambalo timu inalitumia tayari. Slack AI, msaidizi wa jukwaa la gumzo la Slack, ilitoka Februari 2024, Copilot ya Microsoft 365, ambayo hufanya kazi hata ndani ya Teams, jukwaa la gumzo la Microsoft, ilianza kuuzwa kwa kampuni kubwa Novemba 2023, na Google iliingiza msaidizi wake Gemini katika vifurushi vya biashara vya Workspace, mkusanyo wa programu zake za kazi, Januari 2025. Hawa hurithi ruhusa zilizopo, kwa hiyo asiye mwanachama wa chaneli (chumba cha mazungumzo) ya faragha hapewi muhtasari wa yaliyozungumzwa humo. Hata hivyo, wanarithi pia uzembe wenu: faili ya mishahara iliyofunguliwa kwa kila mtu zamani, ikasahaulika, sasa itaibuka kwa swali moja tu, na ndiyo maana usafi wa ruhusa utangulie malipo. Isitoshe, Agosti 2024 watafiti wa usalama walionyesha kwamba maagizo yaliyofichwa katika ujumbe wa chaneli ya wazi yangeweza kumhadaa msaidizi wa Slack atengeneze kiungo cha kuvujisha siri. Kasoro hiyo ilirekebishwa, lakini hila ya namna hiyo inaweza kumpata msaidizi yeyote anayesoma maandishi ya watu wengi.

Wa pili ni msaidizi wa nje anayeongezwa kama programu, mfano Claude au ChatGPT ndani ya Slack. Kwa uandishi na uchambuzi wa nyaraka ndefu mara nyingi namwona bora kuliko wa kwanza. Anashuka kwa sababu maneno yenu yanapita kwa kampuni mbili, hivyo mikataba ya kusoma ni miwili, hasa vipengele vya muda wa kuhifadhi data na matumizi yake katika kufunza modeli. Kumbuka pia kwamba Mei 2025 Slack ilibadili masharti yake na kuzuia programu za nje kunakili ujumbe kwa wingi. Muuzaji anayeahidi kutafuta katika historia yote ya gumzo aeleze anafanyaje.

Wa tatu ni Mattermost, programu ya gumzo mnayoisakinisha wenyewe kwenye seva yenu, ikiunganishwa na modeli inayoendeshwa humo humo. Hakuna neno linalotoka nje, ila bila fundi wa kudumu msithubutu.

Wa mwisho ni roboti ya kujitengenezea, inayotumia ufunguo mmoja wa kuingilia mfumo, unaoona kila kitu. Ifungiwe katika chaneli moja, ama iachwe.

Kuhusu malipo, leseni za Copilot zinaweza kugawiwa watu wachache, wakati Slack hulipiwa kwa wanachama wote wanaoitumia. Vyovyote iwavyo, ombeni kipindi cha majaribio, fungueni akaunti yenye ruhusa za mfanyakazi mpya kabisa, kisha mwulizeni msaidizi kuhusu mishahara, kuachishwa kazi na nywila.