JB na Jazz za Seymour Duncan: pikapu mbili, rezista moja

Seymour Duncan wanauza seti iitwayo Hot Rodded yenye pikapu mbili, yaani vinasa sauti vya gitaa la umeme, za aina ya hambaka (zenye koili mbili zinazofutiana mvumo): SH-4, ijulikanayo zaidi kama JB, ya kukaa kwenye daraja, na SH-2n, yaani Jazz, ya kukaa shingoni. Mpiga gitaa akiuliza abadilishe nini kwenye gitaa lake la bei ya chini, mara nyingi hilo ndilo jibu la kwanza analopewa. Jazz haina kasoro ya kumzuia mtu kuinunua. JB ndiyo yenye maneno: kuna wanaoiapia, na kuna waliokwisha kuitoa na kuiuza kwa hasara wakidai inatoboa masikio. Wote wanasema kweli, maana kila mmoja anaisikia kupitia poti tofauti, yaani vile vikinzani vya kuzungusha vya kurekebisha sauti na toni.

Tuanze na vipimo. Ukiweka multimita kwenye nyaya za JB utasoma ukinzani wa karibu kilo-omu 16.5, Jazz ya shingoni inasoma karibu 7.7. Zote mbili zina sumaku ya Alnico 5. Wauzaji hupenda kuzitaja namba hizi kana kwamba ndizo nguvu za pikapu, kumbe ukinzani unakwambia tu waya una urefu na wembamba gani. Kinachoamua sauti zaidi ni indaktansi, yaani jinsi koili inavyopinga mabadiliko ya mkondo: JB ina henri 8 na kidogo, Jazz ina karibu nusu ya hapo. Indaktansi hiyo ikikutana na kapasitansi ya kebo, yaani uwezo wake wa kuhifadhi chaji, kunatokea kilele, yaani masafa yanayopazwa kuliko mengine yote. Juu ya kilele trebo inaporomoka. Kebo ya kawaida hubeba pikofaradi 100 hivi kwa kila mita. Kwa kebo ya mita 3, ukijumlisha na kapasitansi ya ndani ya gitaa lenyewe, kilele cha JB kinaangukia karibu kilohezi 2.6, kwa kebo ya mita 6 kinashuka hadi kama 2. Jazz kwa kebo hizo hizo inacheza kati ya 2.9 na 3.7.

Sasa, sikio la binadamu ni jepesi mno kati ya kilohezi 2 na 5. Kilele cha JB kimekaa mlangoni mwa eneo hilo. Ukipiga kwa distoshoni, hilo ni jambo jema: noti zinapasua bendi nzima na solo inasikika hata mpiga ngoma akiwa na hasira. Ukipiga safi, na hasa ukipiga sebene au benga juu kwenye freti ya 12 na kuendelea, kilele hicho hicho kinageuka kijiko kinachogonga sufuria.

Poti ndizo zinazoamua kilele hicho kisimame au kilale. Poti ya sauti na ya toni zikiwa zote za kilo-omu 500, ukiongeza mlango wa amplifaya wenye mega-omu 1, JB inaona mzigo wa kilo-omu 200 na kilele kinasimama wima. Zote zikiwa 250, mzigo unashuka hadi kama 111 na kilele kinalala kabisa. Sauti inakuwa ya duara, na wengine wataiita butu. Magitaa mengi yenye hambaka hutoka kiwandani na poti za 500, na ndiyo sababu malalamiko mengi dhidi ya JB yanatoka huko. Kuweka poti za 250 kote si dawa, kwa sababu Jazz inazihitaji zile 500. Ikiwekewa 250 inapoteza kile chuma chepesi kinachoifanya ipendeze.

Dawa ni rezista ya kilo-omu 470, ile yenye mistari ya njano, zambarau, njano. Kwenye gitaa lenye poti moja ya sauti, lehemu mwisho mmoja kwenye mguu wa swichi ya kuchagua pikapu unaopokea waya mweusi wa JB (ndio unaobeba sauti), na mwisho wa pili kwenye ardhi. Mzigo wa JB unashuka hadi karibu kilo-omu 140, katikati ya hali zile mbili. Ukihamisha swichi kwenda shingoni, JB inakatwa pamoja na rezista yake, na Jazz inabaki na 500 zake bila kujua kilichotokea. Katikati, pikapu zote zikiwa zimewashwa, rezista inazigusa zote mbili kidogo, na sauti hiyo ya katikati haidhuriki. Gitaa lenye poti mbili za sauti ni rahisi zaidi: rezista inakwenda kati ya miguu miwili ya pembeni ya poti ya JB. Ukiona 470 imelaza sauti mno, jaribu mega-omu 1. Rezista za robo wati za redio zinatosha kabisa, na maduka ya vipuri ya Kariakoo au Luthuli Avenue huzipima kwa kiganja.

Kabla ya kulipa, yapo ya kuangalia. Ukitafuta mtandaoni andika SH-4, maana ukiandika pikapu utaletewa Hilux. Gitaa lenye daraja la aina ya Fender au Floyd Rose lina nafasi pana zaidi kati ya nyuzi, hivyo linahitaji TB-4, JB ile ile yenye vichwa vya sumaku vilivyotanuliwa hadi karibu milimita 53 kutoka uzi wa kwanza hadi wa sita. SH-4 ina karibu 49. Ukikosea, gitaa halitakufa, ila nyuzi za pembeni zitapita kando ya vichwa vyake. Pima pia kina cha shimo: miguu ya hambaka za Marekani huwa mirefu kuliko ya zile za bei ya chini, na kwenye gitaa lenye shimo fupi pikapu itagonga mbao kabla haijashuka unapotaka.

Bandia zipo, na multimita ndiyo shahidi wa kwanza. JB ikisoma 9, hiyo ni kitu kingine. Lakini usimkamate muuzaji kwa 17.2: shaba huongeza ukinzani wake kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzijoto moja, hivyo pikapu inayosoma 16.5 kwenye chumba cha nyuzijoto 20 itasoma zaidi ya 17 mchana wa Dar es Salaam. Poti nazo zipimwe moja moja, kwa sababu poti iliyoandikwa 500 inaruhusiwa kupotoka kwa asilimia 20 kila upande. Ukikuta mbili, moja ya 430 na nyingine ya 560, ile kubwa ipeleke kwa Jazz pale penye poti mbili. Herufi A kwenye poti inamaanisha inapanda kwa mwendo wa sikio, B inapanda kwa mstari mnyoofu; kwa sauti chukua A. Shingo ya poti za chapa ya CTS inahitaji tundu la milimita 9.5 na zaidi kidogo, huku matundu ya magitaa mengi ya Asia yakiwa 7 au 8. Panua kwa kifaa cha mkono cha kupanulia tundu (reamer) polepole ukianzia upande wa juu. Drili inang'oa rangi.

Ufungaji wenyewe si mgumu kwa aliyewahi kushika lehemu. Piga picha ya nyaya za zamani kabla ya kukata chochote. Kila pikapu ina nyaya nne za rangi na mmoja mtupu. Kwa Seymour Duncan, mweusi ndio unaobeba sauti, kijani na mtupu huenda ardhini pamoja, na nyekundu na nyeupe huunganishwa zenyewe kwa zenyewe kisha kufunikwa kwa mpira wa joto au utepe. Rangi hizi haziko sawa kwa kila kiwanda. DiMarzio hubebesha sauti waya mwekundu na kuunganisha mweusi na mweupe, kwa hiyo ukichanganya pikapu moja ya huku na moja ya kule usifuate mchoro mmoja. Dalili ya kukosea ni swichi ikiwa katikati: sauti inakuwa nyembamba, haina besi, kama redio iliyofungiwa kwenye debe. Hapo badilishana mweusi na kijani kwenye pikapu moja tu, na ule mtupu ubaki ardhini.

Mgongo wa poti unahitaji pasi ya wati 40 au zaidi. Pasi dhaifu ya wati 25 ndiyo inayoua poti, kwa kuwa fundi anaishikilia nusu dakika hadi kaboni ya ndani inaungua, na baada ya hapo poti inakwaruza kila ikizungushwa. Kwaruza mgongo kwa msasa, paka lehemu kwanza, ndipo ulete waya. Sekunde 3 au 4 zinatosha. Kiungo kizuri kinang'aa na kulala. Kilichojikunja kama tone la umande kitakuacha jukwaani. Na usisahau waya unaotoka kwenye daraja kwenda ardhini. Ukiuacha, gitaa litavuma na kunyamaza kila unapogusa nyuzi na chuma cha jeki pamoja.

Faida moja ya nyaya nne ni kuweza kuikata hambaka ibaki koili moja. Poti ya kuvuta, yenye swichi ndani yake, inapokea ile fundo ya nyekundu na nyeupe na kuishusha ardhini. Hapa maelekezo mengi hukatisha tamaa: Jazz ikikatwa inabaki na kilo-omu 3.9 hivi, sauti inakuwa ya maji, na JB iliyokatwa nayo inashuka kishindo ghafla katikati ya wimbo. Bora ukate nusu. Badala ya kuishusha fundo moja kwa moja, ipitishe kwenye rezista, kilo-omu 4.7 kwa JB na 2.2 kwa Jazz. Koili ya pili inabaki ikichangia kama theluthi ya sauti za chini, unene unabaki, mlio unafunguka. Hii ndiyo nafasi ya JB tunayoipendelea kwa benga.

Kuna mtego mwingine. Ukizikata zote mbili kwa mtindo wa kawaida, kila pikapu inabaki na koili ya vichwa visivyo na skrubu, na koili hizo zina sumaku za upande mmoja. Swichi ikiwa katikati utapata mvumo wa umeme wa hezi 50 kana kwamba hujawahi kununua hambaka. Kwenye Jazz, peleka fundo kwa waya mweusi badala ya ardhini. Itabaki koili ya skrubu, yenye sumaku ya upande wa pili, na mvumo utafutana. Kwa ukumbi wenye jenereta na taa za rangi ni jambo la kuzingatia.

Kuhusu kapasita ya toni, chukua ya nanofaradi 22, inayoandikwa 223. Ukiona 473 hiyo ni 47, nayo itazamisha hambaka kwenye tope mapema mno. Wanaolipa pesa nyingi kwa kapasita za karatasi na mafuta za miaka ya 1950 wananunua historia. Kauri ya senti chache yenye thamani ile ile itafanya kazi ile ile. Kama trebo inapotea kila ukipunguza sauti, kuna njia isiyogharimu kitu: hamisha waya wa poti ya toni kutoka mguu wa kuingilia wa poti ya sauti hadi mguu wa katikati. Ukitaka zaidi, weka kapasita ya pikofaradi 680 na rezista ya kilo-omu 150, zikiwa sambamba, kati ya miguu hiyo miwili. Kapasita peke yake bila rezista itakuachia sauti ya mbu ukipunguza sauti hadi 3.

Kwa kusikia: Jazz kwa gitaa la ridhimu la dansi ni tamu sana. Kodi za nyuzi za chini hazigandi, na kila noti inasimama peke yake hata besi ikiwa nzito. Ukizungusha toni hadi 4 unapata ule ukungu mwororo bila kupoteza mguso wa pleki. Kwa mi-solo, lile gitaa linalopiga kati ya ridhimu na solo, swichi iwe katikati. JB kwa rock haihitaji utetezi wetu. Kwa anayepiga safi muda wote, asiyegusa distoshoni hata kanisani, JB hata ikiwa na rezista ni pesa iliyopotea njia; achukue Jazz ya toleo la daraja, aiweke pamoja na ile ya shingoni.

Urefu uwekwe mwisho. Bonyeza nyuzi freti ya mwisho, kisha acha milimita 2 kutoka uzi hadi vichwa vya JB na 3 kwa Jazz, halafu shusha JB kwa robo mzunguko wa skrubu hadi pikapu mbili zilingane kwa kishindo ukihamisha swichi.