Sabyinyo: vilele vitatu nililipia, viwili nikapewa

Mlima wenyewe hauna kosa, hilo nalisema mapema. Ukitaka kukanyaga vilele vitatu vya volkano kwa siku moja bila kulala kwenye hema wala kulipa wapagazi, nenda Sabyinyo, ndani ya hifadhi ya Mgahinga, kusini magharibi mwa Uganda. Unapanda cha kwanza, unashuka kidogo, unapanda cha pili, unashuka tena, halafu cha tatu. Hicho cha tatu ndicho chenye utamu, maana pale juu mipaka ya Uganda, Rwanda na Kongo inakutana. Unaweza kuzunguka nchi tatu bila kusogea hatua tano. Nimetoka Moshi kwa ajili ya hicho, na hicho ndicho sikukifika.

Kampuni iliyonipangia safari siitaji jina. Ofisi iko Kampala, maneno matamu, picha nzuri. Wao wenyewe waliniandikia kwamba dereva atanifuata Kisoro mjini saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa sababu kwenye lango la Ntebeko watu huondoka mapema na safari nzima, kwenda na kurudi, inakula kama masaa manane. Basi nikawa barazani na buti mguuni. Kumi na mbili, kimya. Napiga simu: "Niko njiani, dada." Saa moja: "Nimeshakaribia, dada." Anatokea jua limeshakuwa kali, na badala ya kuondoka anaingia sheli kujaza mafuta. Mafuta! Usiku kucha alikuwa wapi na hilo gari? Halafu anashuka, anakwenda kusimama kwa muuza roleksi, ile chapati yao ya kukunjiwa mayai, anangoja akaangiwe. Nikamwambia kwa upole, kaka, tumechelewa. Akanitazama, akasema, "Kwani mlima utahama?"

Hadi leo nikiosha vyombo nalikumbuka hilo neno.

Langoni wenzetu walishaondoka zamani. Askari wa hifadhi aliyetuongoza alitazama saa yake, akasema tutajitahidi, ila saa saba akisema tunageuka, tunageuka. Mchana mawingu hufunga na ngazi zinalowa. Sikumbishia. Ngazi zenyewe ni za miti, zimeegeshwa kwenye miinuko iliyosimama wima, na pembeni kuna makorongo ambayo usiyatazame. Ukilegeza mkono umekwisha. Kwa hiyo hapo mwenye haki ni yeye.

Na njia ni nzuri jamani, hata kwa hasira zangu. Unaanza kwenye vichaka vilivyoota palipokuwa mashamba ya watu kabla ya hifadhi kutangazwa mwaka 1991, unaingia kwenye mianzi, unaruka kinyesi cha nyati kibichi kabisa (ndiyo maana kuna mtu wa bunduki), kisha inaanza mimea mikubwa ya malobelia na masenesio, ndugu wa ile ya Kilimanjaro. Yule mtu wa bunduki alizungumza nami Kiswahili safi njia nzima. Nikiteleza ananiambia, "Pole pole, mama, mguu kwanza, macho baadaye." Kilele cha kwanza tukafika. Cha pili tukafika, nyuma yetu milima jirani ya Gahinga na Muhabura imejipanga wazi. Mbele, cha tatu. Nilikuwa nawaona watu juu yake! Ikawa saa saba.

Muda nilioupoteza barazani na sheli ndio huo huo kile kilele kilikuwa kinauhitaji.

Nilipompigia wakala anirudishie chochote, akanijibu, "Lakini dada, viwili si umeviona? Hicho kingine ni hivyo hivyo tu." Hivyo hivyo! Kisha akaanza kunieleza kwamba ada ya hifadhi hairudishwi. Sikuidai ada ya hifadhi. Sisi raia wa Afrika Mashariki tunalipa kidogo kuliko wageni, na hifadhi ilifanya kazi yake. Nilidai ya gari. Na hapo ndipo nilipoitazama vizuri ile hesabu yao ya dola, nikagundua wamenikatia ada ya mgeni wa Ulaya wakati walikuwa na nakala ya pasipoti yangu.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwapa nyota tatu, kwa ajili ya yule askari na mwenzake wa bunduki. Lakini wale si wao! Wale ni wa hifadhi. Basi nyota zao wasizivae hawa. Moja, na hiyo ni kwa sababu sifuri haibonyezeki.

Anayekwenda alale jirani na lango, alipe mwenyewe hifadhini, na gari atafute Kisoro kwa mtu aliyejaza mafuta jana yake. Mimi kiangazi cha Juni au Julai narudi kukichukua cha tatu, na huyo kaka wa roleksi nikimwona mjini napanda bodaboda.