Sakura za Tokyo ndani ya Ramadhani: Shinjuku Gyoen mchana, Ueno usiku

Kama una siku moja tu ya kutazama maua ya sakura, yaani ya micheri ya Japani, jijini Tokyo, lipa yen 500 uingie bustani ya Shinjuku Gyoen. Nalisema mapema kwa sababu kila utakayemuuliza atakuelekeza bustani ya Ueno, ambako kuingia ni bure. Ueno nayo nimefika na sikujuta, lakini kwa saa zake.

Nilikwenda Aprili 2024 kumtembelea mdogo wangu anayesoma huko. Mwaka ule maua yalichelewa. Idara ya hali ya hewa ya Japani ina mti wake wa kipimo kwenye hekalu la Yasukuni. Maafisa huenda kuukagua, na yakionekana maua matano au sita yamefunguka, wanatangaza kwamba msimu umeanza Tokyo. Mwaka ule walitangaza tarehe 29 Machi, na kilele kikawa tarehe 4 Aprili. Sisi macho juu kutafuta mwezi, wenzetu macho juu kutafuta maua matano!

Mlangoni Gyoen wanapekua mikoba, maana pombe hairuhusiwi ndani. Kwa mtu aliyefunga, au mwenye watoto, hilo peke yake linatosha kuifanya bustani hii ishinde nyingine. Watu wametandika majamvi yao kwenye majani, wanakula taratibu, wazee wanasinzia, hakuna muziki wa spika. Wanafunzi na wazee wa miaka 65 na zaidi hulipa yen 250, watoto hawalipi. Angalizo: siku za wikendi za kilele, mwaka huo ilibidi kuweka nafasi mtandaoni kabla ya kwenda. Sisi tulikwenda siku ya kazi tukaingia moja kwa moja.

Kilichonivutia zaidi ni aina za miti. Sehemu nyingi za Tokyo utakuta Somei Yoshino tu, ile ya maua meupe yenye uwaridi kwa mbali. Haipandwi kwa mbegu, hupandikizwa kijiti kutoka mti hadi mti, kwa hiyo yote ni kama mti mmoja: inachanua pamoja, na baada ya wiki moja hivi inapukutika pamoja. Ukikosea tarehe ya tiketi ya ndege, umeukosa msimu. Gyoen ina aina kadhaa, zikiwemo Ichiyo na Kanzan zinazochanua baadaye mwezi wa Aprili, maua yake yamejaa petali tele. Kwa anayetoka mbali, hiyo ni bima.

Kasoro kwa mfungaji ni moja: majira hayo bustani hufungwa saa 12 jioni, na jua lilikuwa linazama dakika chache baadaye. Ukitaka kufuturu chini ya maua, toka utafute pengine. Tukapanda treni hadi Ueno.

Huko ni dunia nyingine. Maturubai ya buluu yamepangana njia nzima, viatu vimepangwa pembeni (usithubutu kukanyaga turubai na viatu), taa za karatasi zinawaka juu, wafanyakazi wa ofisi wanaimba na makopo ya bia mkononi. Mara nyingi kijana mgeni kazini ndiye hutumwa tangu asubuhi kuwashikia wenzake nafasi. Tulifuturu kwa tende, maji na sambusa alizokaanga mdogo wangu. Majirani wa turubai la pili walitukaribisha bia. Mdogo wangu alipowaeleza kwamba tumefunga, wakatuletea chai ya chupa na sakura mochi, mchele wa kunata uliosetwa na kujazwa maharage matamu, ukafungwa kwa jani la sakura lililotiwa chumvi. Jani nalo linaliwa. Mimi nililipenda, mdogo wangu hulibandua.

Msongamano wa Ueno usiku ni mkubwa, na foleni ya choo cha wanawake ilitutesa. Saa moja na nusu ilitutosha.

Nyota: Gyoen tano, Ueno nne usiku, mbili mchana. Vyakula vya dukani soma lebo au mwombe mtu akusomee, kwa kuwa hata sosi ya soya huweza kutiwa alkoholi. Na ukifika Tokyo ukakuta petali ziko chini, usirudi nyumbani: panda treni kaskazini hadi mji wa Hirosaki, ambako kwa kawaida maua ya pale ngomeni huchanua nusu ya pili ya Aprili.