Pangani: Mji, Mto na Ufukwe, kwa Mpangilio Huo

Wageni wengi wanaosema wamefika Pangani huwa wameuona mji huo kwa muda ule tu wa kusubiri kivuko: gari linaingia kutoka Tanga au Muheza, linapanga foleni ukingoni mwa mto, linavushwa hadi Bweni, kisha safari inaendelea moja kwa moja mpaka hoteli za ufukwe wa Ushongo. Safari yangu ya kwanza nilifanya vivyo hivyo. Safari hii siku zangu nne nilizigawa kwa namna nyingine, mbili mjini na mtoni, nusu siku katika misheni ya zamani ya Magila, na muda uliobaki baharini, na tathmini yangu ni kwamba mji ndio unaostahili sehemu kubwa ya muda na fedha za msafiri, ingawa ndio unaojitangaza kidogo kuliko vyote.

Matembezi ya mji yalichukua saa tatu. Mwongozaji wetu, kijana wa hapo hapo, alikuwa na sifa moja niliyoithamini kuliko hata ufasaha wake: hakusimama mbele ya nyumba ya watu na kuanza kuieleza kana kwamba ni kitu cha makumbusho, bali alipiga hodi, akamwamkia shikamoo bibi aliyekuwa ameketi barazani, akaomba ruhusa, ndipo akatuonyesha mlango wa kuchonga na mahali chokaa ilipobanduka na kuacha mawe ya matumbawe yakionekana. Tulipofika kwenye Boma, jengo linalosemwa kuwa lilijengwa mwaka 1810 na mfanyabiashara wa Kiarabu kabla Wajerumani hawajalifanya ofisi, alitusimulia kisa cha watumwa waliofukiwa wakiwa hai ili nguzo ziwe imara, na papo hapo akaongeza kwamba hayo ni masimulizi ya wazee na kila mtu ayapime mwenyewe. Si waongozaji wote wenye uaminifu huo.

Kiini cha matembezi kilikuwa habari za Abushiri. Agosti 1888, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipochukua usimamizi wa pwani kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar, wakala wake wa Pangani, Emil von Zelewski, alipandisha bendera ya kampuni kwa ubabe uliowaudhi wenyeji wa kila tabaka, na haukupita muda mji ukaasi chini ya Abushiri bin Salim, ambaye alikuwa na shamba la miwa pande hizo za mto. Kwake yeye vita viliishia papa hapa, kwa kuwa alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Zelewski naye aliuawa na Wahehe huko Lugalo mwaka 1891, jambo ambalo mwongozaji wetu alilitaja kwa kuridhika ambako hakujaribu kukuficha. Nilichokikosa ni maandishi, kwa sababu katika sehemu kadhaa tulizosimama sikuona hata kibao kimoja, na anayetembea peke yake anaweza kuvipita vituo hivyo vyote akidhani anapita kwenye magofu ya kawaida. Kwa hiyo malipo ya mwongozaji yasihesabiwe kuwa anasa.

Safari ya mtoni ilikuwa na dosari. Mashua ya mashine ilichelewa kuondoka kwa saa nzima, mwenye chombo hakuomba radhi, na maji yalipoanza kupwa tulilazimika kugeuza kabla ya kufika mbali tulikoahidiwa. Hata hivyo, nisingemshauri mtu aiache. Mto huu unaokusanya maji ya Kilimanjaro na Meru unafika hapa ukiwa mpana, wenye rangi ya udongo, umezungukwa na mikoko na kisha minazi, na ukiwa majini ndipo unapoelewa kwa nini mji ulitajirika kwa misafara ya pembe na watumwa, kisha ukapungukiwa. Mkonge wa nchi hii ulianza karibu na hapa, Kikogwe, baada ya Dkt. Richard Hindorf kuagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893 na kupona 62 tu. Lakini mwaka huohuo ujenzi wa reli ulianzia Tanga, penye bandari yenye kina, na njia hiyo ilipofika Korogwe mwaka 1902 biashara ya bonde ikawa imepata mlango mwingine wa kutokea. Mwenye chombo hakutueleza lolote kati ya haya. Alijua, hata hivyo, kila mahali mamba anapopenda kuota jua.

Magila, ambako watu wengi hupaita Msalabani, iko katika nchi ya Wabondei upande wa Muheza, na kanisa lake la mawe ni kazi ya UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, ya karne ya 19. Ndani kuna ubaridi, utulivu na harufu ya ubani. Niliunganisha ziara hii na Pangani kwa sababu moja: Askofu Smythies wa misheni hiyo alipopita Pangani wakati wa machafuko ya 1888, aliyemkinga na watu wenye hasira alikuwa Abushiri mwenyewe. Ukiisikia habari hiyo mjini, kanisa unaliona kwa macho mengine. Nusu siku inatosha, na ni heri kwenda na mtu wa parokia kuliko kuzunguka peke yako.

Ushongo ni ufukwe mzuri, na hoteli niliyolala ilikuwa safi, yenye wahudumu wapole. Lakini orodha yake ya vyakula ilikuwa ya kigeni karibu yote, na wali wa nazi na samaki wa kupaka, ambao mjini nilikuwa nikiula kila mchana, hapa ulitakiwa uagizwe siku moja kabla. Kisiwa cha Maziwe kinahitaji kupangwa kwa kufuata maji, kwani ni fungu la mchanga linalofunikwa bahari inapojaa, na ndiyo sababu mayai ya kasa wanaotaga pale huhamishiwa ufukweni.

Kuhusu kivuko, nilikisubiri kwa karibu saa nzima wakati wa kurudi, nikiwa upande wa Bweni, Boma likionekana ng'ambo. Barabara mpya ya Bagamoyo, Saadani, Pangani hadi Tanga imepangiwa daraja la mita 525 juu ya mto huu, na magari yakianza kupita juu yake, wanaokimbilia ufukweni hawatakuwa na hata saa hiyo moja ya kuutazama mji.